Gauni la Bi Harusi wa Sidab

Ruwi, Muscat
Jumamosi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta goti limepoa na unapanda ngazi bila kumsingizia paka kuwa anakukwaza. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, dada asijue.

Uliniuliza kama bado napinda pindo tu, mwaka wa pili huu. Bi Rahma, mwenye duka, Mwomani aliyekulia Unguja, alisema hanipi mkasi mpaka Kiingereza changu kikae sawa, maana mkataji ndiye anayeongea na wateja na kuwaahidi siku. Akawa ananifundisha mwenyewe. Kilichonishinda ni "on time" na "in time"; yeye akisema ya kwanza ni saa ileile ya ahadi, ya pili ni kabla jambo halijapita. Kwangu mimi zote ni kuwahi tu. Nilibisha mpaka akachoka.

Alhamisi akaniachia gauni la harusi nilifikishe Sidab saa kumi alasiri, yeye akaenda sokoni Mawaleh. Kulipima na daftari la vipimo, mkono mmoja umepungua inchi nzima. Nikafumua, nikashona upya. Unanijua, siwezi kuacha kitu kinabana. Namaliza, saa kumi na moja imeshapita, na ndani ya teksi nikalia, nikijua mkasi ndio basi tena.

Bibi yake bi harusi alinipokea mlangoni. "We mwana, hii ndo saa kumi yenu?"

Nikamweleza habari ya mkono. Akanivuta ndani. Bi harusi ameketi, hina mbichi mpaka viwikoni, hawezi kugusa nguo, wenzake wanamlisha halua. Bibi akacheka. "Umechelewa, lakini umewahi. Ungekuja saa kumi ungekaa hapa ututizame."

Hina ilipooshwa akavaa, na gauni likamkaa. Vigelegele vilipopigwa, nami nikapiga.

Leo asubuhi Bi Rahma kaniita. "Nnazo khabari zako za Sidab. Hiyo on time uliikosa."

Nikakiri kuwa nilichelewa.

"Na in time?"

"Nilifika hina haijakauka," nikamjibu.

Akafungua droo, akanikabidhi mkasi. Mama, nimeshakata gauni moja. Nina furaha sana.

Nisalimie Baba, na mjomba fundi baiskeli, na wifi yangu aliyesema nitarudi na sindano ileile niliyoondoka nayo. Yeye msalimie mara mbili.

Ni mimi mwanao,
Zuhura, mkataji