Supu ya Koi Imetumbukia Nyongo

Kamisawa, kando ya mto Chikuma,
24 Juni 1997.

Mpendwa Dada Sadae,

Shikamoo, dada. Magoti yako yanaendeleaje huko São Paulo? Na shemeji Eikichi, kikohozi kimemwachia? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa, na wewe uliambulia "haloo" tu. Kwa hiyo naandika. Mwili wangu hauna neno. Ni moyo.

Misao amejifungua. Mtoto wa kike, Chinatsu, kilo tatu, nywele tele. Alikuja kuzalia nyumbani kama ilivyo ada yetu, mumewe akabaki na kazi yake ya barabara huko kaskazini. Lakini ada hii inamtaka mama, dada. Mama ndiye anayepokea, anayepika, anayejua. Tomie wangu ana miaka miwili kaburini, na Misao amepokewa na mzee anayejua kuchemsha mayai.

Nikwambie bila kuzunguka: mwanangu hamwangalii mtoto wake. Wiki tatu sasa. Amelala kaukabili ukuta, chakula anaonja tu, maziwa hayatoki, na nikimuuliza kitu ananijibu kwa kichwa. Daktari amempa vidonge, akasema tuvute subira na mtoto apewe maziwa ya kopo. Nampa mimi. Chinatsu ananitazama kama abiria aliyepanda basi siyo. Nikimsogeza kwa mama yake, Misao anafumba macho.

Bi Hatsue wa jirani, yule ambaye mdomo wake haujui likizo, akanisimamia mlangoni. "We Kiyomatsu, mzazi hajanywa supu ya koi, halafu unashangaa maziwa? Kila siku uko mtoni unabembeleza samaki. Basi leta hata mmoja!" Nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli, mama yetu aliinywa kwa kila mmoja wetu, na Tomie aliinywa kwa Misao. Lakini mzee wa mabwawa ya kufugia koi alishafunga biashara zamani, na dukani siku hizi ni samaki wa baharini tu.

Uvuvi wangu unaujua, ulinicheka ulipokuja. Kifimbo chepesi, mshipi mwembamba wa kukaribia uzi wa kushonea, na chambo cha bandia. Tomie alikuwa akisema navua nyangumi kwa kijiti cha meno. Msimu huu forosadi mbivu zinadondoka mtoni kutoka kwenye mashamba ya zamani ya hariri, na koi wanajazana chini ya ile miti kuzimeza. Basi nachonga kizibo cha chupa, nakipaka zambarau, nakitia ndoana ndogo, nakitupa katikati ya zile za kweli. Miaka yote nikimpata koi namrudisha majini. Ulikuwa mchezo, dada. Mchezo tu.

Alhamisi koi mmoja akashika. Kwa mshipi ule humvuti samaki, anakuvuta yeye. Nilimfuata ukingoni nusu saa nzima, viatu vimejaa maji, nikisema kwa sauti, "Tomie, mshikilie! Tomie, mshikilie!" Wapita njia walinipisha. Alipochoka nilimbeba kifuani. Sikuwahi kuua koi maishani mwangu. Nilimwomba radhi, nikamuua.

Sasa sikia upumbavu wangu. Koi wa supu hatumbuliwi, anakatwa vipande na matumbo yake, isipokuwa kifuko cha nyongo, ambacho lazima kitoke kizima. Zaidi ya miaka thelathini nilikaa mezani kusubiri bakuli, sikutazama hata siku moja kisu cha Tomie kinaingilia wapi. Nikakata tu. Nikatia miso ya soya, nikachemsha tangu asubuhi mpaka alasiri, nyumba nzima ikanukia utoto wetu. Nikaonja. Dada wee! Uchungu ulinipanda mpaka masikioni. Sufuria nzima imeharibika. Nikaketi sakafuni nikalia kwa kwikwi, mwanamume wa miaka sitini na tisa.

Mlango ukasukumwa. Misao, amesimama, nywele timtim. Akachovya kidole, akaonja, akatema kwenye sinki.

"Baba, umepasua nyongo."

"Nimepasua, mwanangu."

"Mama alikuwa anahesabu magamba kuanzia shavuni, ndipo anakata. Kwani hukuwahi kumwona?"

"Sikuwahi."

Akasukutua kinywa. Kisha akasema, "Ukipata mwingine, usimguse. Niite."

Tangu ajifungue hakuwa amesema maneno mengi hivyo. Nilimwaga ile supu nikicheka na machozi yananitoka.

Leo ni siku ya tano, dada, na sijapata kitu. Bi Hatsue anabaki na mtoto, mimi niko mtoni tangu kunapopambazuka. Nimejaribu hata donge la viazi la kina babu, hawaligusi. Jumamosi mmoja alishika akakata mshipi. Nikafunga mshipi mnene, wakauona, wakatawanyika. Zimebaki forosadi za matawi ya juu tu. Zikiisha hizo, koi wanaondoka chini ya miti, na mimi sijui pa kuwafuata.

Na kila jioni nikirudi namkuta Misao jikoni, amesimama, ameshaosha ubao wa kukatia.

"Hakuna?"

"Hakuna."

Anaufunika ubao kwa kitambaa, anarudi kuukabili ukuta.

Nisalimie shemeji Eikichi, mpwa wangu Marcia na mumewe, na wajukuu wote ambao majina yao ulimi wangu unayakataa. Marehemu wazazi wetu wawalinde huko mliko. Ukiwawashia ubani, waambie mdogo wako ameshindwa kila kitu kingine, anaomba samaki. Si wawili. Mmoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kiyomatsu