Maji ya Mama ya Saa Kumi na Moja

Jumamosi, Nalufenya, Jinja. Mvua ya asubuhi imeacha ua mzima matope, lakini jioni hii jua limerudi. Nimekaa barazani na daftari langu, na aibu imenijaa hadi masikioni.

Acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Jumatatu nitasimama mbele ya darasa chuoni Mbale kueleza jinsi saikolojia ilivyopata kuwa sayansi. Nimeisoma habari hiyo mpaka naiota. Zamani maswali ya akili yalikuwa ya wanafalsafa. Kisha Wajerumani wakafungua maabara, wakamkalisha mtu, wakampigia sauti, wakamuuliza: umehisi nini ndani yako? Wakaja wengine wakawacheka. Ya ndani hayaonekani, walisema, tupime yanayoonekana tu. Mrusi mmoja alikuwa ameshaonyesha kwamba mbwa aliyezoea kulishwa baada ya mlio fulani hutokwa na mate kila akiusikia, hata chakula kisipokuja.

Niliposoma habari za mbwa yule nikamfikiria mama yangu. Mungu anisamehe.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. King'ora kilipolia saa kumi na moja jioni, Mama alibandika sufuria ya maji kwenye sigiri ya makaa. Baba akifika na baiskeli yake, vumbi la pamba limejaa kwenye nyusi, anakuta ndoo ya maji ya moto imeshapelekwa nyuma ya nyumba. Mimi nimekua nikiona hivyo. Baba alifariki mwaka jana, na Mama hajaacha kubandika maji.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kichwa kikubwa, nikanunua daftari. Kila Jumamosi nikitoka Mbale nilikaa hapa hapa barazani, nikaandika: king'ora kimelia, amesimama, amewasha sigiri, amebeba ndoo nyuma ya nyumba. Huko nyuma sikwenda. Nilisikia maji yakimwagika, nikaandika kwamba anayamwaga.

Mtu anachemsha maji kwa ajili ya marehemu, kisha anayamwaga. Ungefikiri nini?

Nikampigia simu dada yangu Zaituni, ambaye ameolewa Mbale na ndiye ninayekaa kwake siku za masomo. Nikamwambia kichwa cha Mama hakiko sawa, tusimwache peke yake. Zaituni alilia kwenye simu. Akatayarisha chumba, shemeji akatafuta pikapu, ikapangwa waje kesho kumhamisha. Mama alipoambiwa alinyamaza. Na kimya hicho nacho nilikiandika, nikaongeza neno moja: dalili.

Leo king'ora hakikulia. Kiwanda kimefungwa, wanatengeneza mashine. Nilifurahi, maana jaribio lilikuwa limekuja lenyewe: bila mlio, Mama atabaki kwenye mkeka. Saa kumi na moja ilipofika, Mama akasimama akawasha sigiri.

Nilichanganyikiwa. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu ninunue daftari.

Nikamuuliza.

"Mama, maji haya ni ya nani?"

Akalitazama daftari langu. Kumbe daftari alishalisoma mchana nilipokwenda msikitini. Sisi Wanubi wa Uganda Kiswahili tunacho nyumbani, na mwandiko wangu ni mkubwa.

"Ya mimi," akasema. "Zamani nilichemshia baba yako, mimi naoga ya baridi asubuhi, nyinyi mnalala. Sasa hii magoti inataka moto. Jioni naoga." Akachokora makaa. "Unaandika mimi kitabu mzima, swali hata moja hakuna."

Nyuma ya nyumba ndiko kuliko na bafu. Mtoto wa kiume hamfuati mama yake kule, kwa hiyo niliyatumia masikio tu, na masikio yangu yakaandika upumbavu. Mama alikuwa anaoga.

Nikamuuliza kama Baba hamkumbuki. Akasema anamkumbuka kila siku, lakini yeye si mjinga, anajua tulimzika.

Nililia kidogo, sitaficha. Nilikaribia kumng'oa mama yangu kwenye nyumba yake kwa sababu ya ndoo ya maji. Nimempigia Zaituni, naye amenitukana vizuri, kisha akacheka mpaka akakohoa. Kesho watakuja na pikapu kula samaki, na itarudi Mbale tupu.

Daftari sitalichoma. Jumatatu nitalisoma darasani lote, kwa sababu lina sehemu ya historia ambayo nilikuwa naikimbia. Baada ya wale wa yanayoonekana tu, wengine waliirudia akili: mtu anakumbukaje, anaamuaje. Vipimo hawakuvitupa, ila walikubali kwamba ndani ya kichwa kuna mtu. Elimu hiyo imekosea mara nyingi ikajirekebisha, na bado inakua. Mimi niko mwaka wa pili tu. Nina muda.

Mama ametoka kuoga sasa hivi, khanga begani, magoti yake yanamshukuru. Amenibakizia ndoo moja ya moto kwa sababu, anasema, bado nanuka basi la Mbale. Ameliona daftari mapajani, akataka kujua kama na hilo nitaliandika.

Nimemuuliza kama anaruhusu.

Amefikiri kwanza, kisha akasema niandike, lakini niandike vizuri.