Mafuta ya Kukamulia Kwenye Rimu

Johana arap Mutai,
S.L.P. 41,
Sigowet,
Kericho.

6 Septemba 1995

Mpendwa mwanangu Kipngeno,

Chamgei. Je, hujambo huko Leeds? Kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa Aprili kimekuacha, au bado kinakuamsha? Vaa sweta ndani ya koti, na usiwaige vijana wa huko wanaotembea vifua wazi kwenye baridi. Sisi tunaendelea vizuri, ila mkono wa kushoto wa dada yako Chepkemboi, ambao nitaueleza. Mama yako mkubwa Rodah analalamikia magoti, lakini kanisani haendi kwa kubebwa. Mvua ni nyingi. Chai inaota haraka kuliko tunavyoweza kuichuma, na ng'ombe wawili wanakamuliwa.

Nashukuru kwa lile sanduku la vifaa vya baiskeli. Lilifika bila kufunguliwa, jambo ambalo kwa siku hizi ni ajabu. Nilivipanga vitu vyako vyote mezani, nikakisoma kijitabu chake tangu mwanzo hadi mwisho, na nikafurahi kama mtu aliyepokea wageni wa heshima. Unajua vifaa tunavyouziwa madukani hapa: pedali zinazotoka gololi kabla ya Krismasi, na minyororo inayorefuka kama ulimi wa mbwa. Rangi yake ya fedha hubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kushika chuma kilichotengenezwa na mtu mwenye haya kulinipa raha.

Nilichagua kwa makini, kwa sababu baiskeli ni ya Chepkemboi, na kazi yake inaitegemea. Anafundisha watoto wa chekechea ng'ambo ya shamba kubwa la chai. Gari la abiria halipiti barabara ile ya ndani, na kwa miguu angelazimika kutoka nyumbani gizani. Ni njia ya murram nusu, lami nusu, na katikati kuna mteremko mkali hadi darajani. Kwa hiyo niliamua hivi: gia zako, ndiyo, kwa ajili ya kupanda. Rimu za alumini na breki za waya, ndiyo, kwa ajili ya kushuka. Tairi, zile pana zenye meno. Zile nyembamba kama kidole gumba nilizirudisha sandukuni pamoja na ule usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Hivyo ni vya mtu anayekimbia mbio kwenye lami kavu, na hapa kwetu lami kavu ni hadithi.

Nilimwachia Mogaka, fundi wa soko la Sosiot, maagizo hayo kwa mdomo, mbele ya kaka yako Kimeli. Kisha nikaenda Bomet kumzika shemeji yangu.

Sasa naandika habari ambayo mpaka leo inanichefua.

Niliporudi nilikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, na sikuitambua. Usukani wa kondoo ulikuwa juu yake. Tairi nyembamba zilikuwa juu yake. Madigadi yametolewa, kengele imetolewa, na keria ya kubebea mkoba wa vitabu imetupwa nyuma ya choo. Vishikio vya breki viliwekwa mahali ambapo vidole vya dada yako havifiki. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, na matope na majani ya chai yamejaa kwenye spoku. Ndani ya nyumba Chepkemboi alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta.

Kimeli ndiye aliyeyataka yote hayo. Jumapili ya mwisho wa Julai ilikuwa harambee ya kanisa, naye alitaka kuonekana akifika juu ya baiskeli ya mbio. Mogaka alimtii. Jumatatu asubuhi Chepkemboi aliichukua jinsi alivyoikuta, maana alikuwa anachelewa. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale mteremkoni alibana breki zote mbili, na baiskeli ikazidi kukimbia. Kabla ya daraja alichagua chai kuliko mto, akaingia kwenye safu za michai kifudifudi.

Wachumaji ndio waliomvuta. Mama mmoja, huku akimfuta damu puani, alimwambia, "Mwalimu, umekuja kuchuma bila kikapu?" Dada yako anasema alicheka, kisha akaona mkono wake ulivyogeuka.

Sikuelewa breki mpya zingekosaje kushika, hata kwa mvua. Nikapitisha kidole kwenye ubavu wa rimu. Kikateleza. Nikakinusa. Kipngeno, yalikuwa ni mafuta ya kukamulia! Yale ya kopo, tunayopaka chuchu za ng'ombe. Unakumbuka jinsi nyumba zetu zinavyoyatumia kwa kila kitu kinachotakiwa kung'aa siku ya Jumapili: miguu ya watoto, viatu, hata jalada la Biblia ya mama yako mkubwa. Kimeli alizipaka rimu pande zote mbili, pale hasa raba za breki zinapobana, akazisugua kwa kitambaa mpaka zikawaka. Yeye mwenyewe hakugundua kitu, kwa kuwa kutoka kwetu hadi kanisani ni tambarare, na nusu ya njia aliikokota ili watu waione vizuri.

Niliwaita wote wawili.

"Mzee, mimi nilifunga tu," alisema Mogaka. "Kupaka sikupaka."

"Na hizi tairi?"

"Mwenye baiskeli alizitaka."

"Mwenye baiskeli ni nani?"

Mogaka akaangalia kuku. Kimeli hakuona haya hata kidogo. Alisema watu wote wa Sosiot walisimama kuitazama, na kwamba kosa ni la mwanamke kupanda kitu cha kasi. "Aache hiyo kazi, Baba. Aolewe, baiskeli ibaki."

Chepkemboi akajibu kutoka chumbani, "Ibaki na nani? Na wewe uliyeipaka kama mtoto wa kubatizwa?"

Lakini nilimjua. Mdomo wake ulikuwa mkali, moyo umeingia hofu. Likizo yote ya Agosti hakuigusa. Alikuwa akiizunguka mbali, kama watu wanavyomzunguka fahali. Na mwalimu mkuu alikuwa ametuma habari kwamba shule ikifunguliwa kabla hajapona, kuna msichana mwingine anayesubiri nafasi hiyo. Kimeli alianza kuuliza ile baiskeli itatengenezwa lini, kwa sauti ya mtu anayeuliza mali yake.

Basi niliitengeneza mwenyewe. Gurudumu nililinyoosha spoku moja baada ya nyingine. Rimu nilizisugua kwa majivu, sabuni na maji ya moto, nikarudia mpaka kidole kikakwama. Raba za breki nilizitupa, kwa sababu zikishalamba mafuta hazifai tena. Sandukuni kulikuwa na jozi mbili za akiba. Nikarudisha tairi pana, usukani wa kawaida, madigadi, kengele na keria. Zile tairi nyembamba na zile pembe nimezitundika zizini, juu ya lile kopo la mafuta, ili Kimeli azitazame kila anapokamua. Wewe hukukosea kuzituma, mwanangu. Lakini ukipata nafasi, nitumie raba nyingine za breki.

Unajua mahali alipoanguka? Ni pale ng'ombe wa babu yako walipokuwa wakilamba chumvi, kabla Wazungu hawajatuhamisha na kupanda michai. Nilikuwa mtoto, lakini naweza kukuonyesha safu yenyewe. Sikutaka ardhi ile itutoe mara ya pili.

Jumatatu hii shule ilifunguliwa. Plasta ilikuwa imetolewa. Chepkemboi alitoka na mkoba wake, akasimama mbele ya baiskeli, akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa. Kisha akaifunga sketi, akapanda.

Breki zako, zikiwa safi na mvua ikinyesha, zinapiga kelele mbaya sana. Kimeli anasema ni aibu, mtaa mzima unasikia. Mimi nilisimama langoni. Kwanza hapakuwa na sauti. Kisha, kutoka kule mteremkoni, ikaja ile kelele, ndefu, bila kukatika, mpaka darajani. Sasa kila asubuhi chai yangu haishuki kooni kabla sijaisikia.

Rodah anakusalimu, anauliza kama unakula. Shangazi yako Sellah wa Litein anakusalimu. Chepkemboi anasema atakuandikia. Kimeli naye anakusalimu, nami nafikisha salamu zake kwa kuwa ni wajibu.

Mungu akupe njia tambarare, na pale atakapokupa mteremko, breki zako zishike.

Nikupendaye, baba yako mkubwa,

Johana arap Mutai