Nyasi za Kaburi Lako

Mama yangu,

Nyasi za kaburi lako zimekufa, na nimeona bora nikuambie mwenyewe kabla mafundi hawajafika.

Saruji uliikataa. Miaka yote uliyotunza bustani ya nyumba ya wageni pale Vwawa ulituambia, "Nikifa msinijengee. Nipandieni ukoka, nipate kupumua." Tulikucheka. Ila siku ya mazishi niliahidi mbele ya watu, na ukoka nikaupanda kwa mikono yangu.

Ukoka ulishika vizuri, Mama. Nikawa nikifunga duka Tunduma napanda Noah ya abiria hadi kaburini Mbozi, nafika jua linazama, namwagia maji. Jioni baada ya jioni. Nikatupia na mbolea ya urea, tena bila kupima, ili upendeze.

Kisha majani yakatoka madoa meupe yenye kingo za kahawia, yakaanza kukauka mabaka mabaka. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza ndoo.

Na ulishanifundisha! Asubuhi moja pale bustanini, umande haujakauka, uliniinamisha ukanionyesha nyuzi nyeupe juu ya nyasi, nyembamba kama za buibui. "Huu ni ukungu, ugonjwa wa nyasi," ukasema. "Jua likipanda huuoni tena. Mwagia asubuhi, mwanangu, jani lilale kavu. Na usifyeke likiwa limelowa, utausambaza." Mimi nilikuwa nawaza chai.

Jumapili iliyopita nililala nyumbani kwako, nikaamkia kaburini. Nyuzi zilikuwa zimeenea kote. Bwana shamba alipokuja akauliza namwagia saa ngapi, nikamjibu, akatikisa kichwa. Dawa ya ukungu ipo, akasema, lakini hapa tumechelewa, hata mashina yameoza.

Baba mdogo akaita kikao. "Marehemu mwenyewe amekataa nyasi," akasema. "Hiyo ni ishara. Tumjengee." Ukoo mzima ukaitikia. Mama, nilikuwa nimekaa palepale katikati yao. Niliona haya kusema kwamba aliyeziua ni mimi. Tena nikajitolea kununua saruji, nionekane mwana mwema.

Mifuko iko mbele yangu hapa dukani ninapokuandikia. Kesho naipakia. Mchungaji akiomba na kushukuru kwamba sasa umepata ulichotaka, nitaitikia amina pamoja na wengine.

Nisamehe kama unaweza. Mimi nimeshindwa kujisamehe.

Kitindamimba wako