Ligi Inayoitwa ya Kwanza

Jumapili, 2 Novemba

Mechi tatu za hoki ya barafu leo. Norway daraja la pili, Slovakia daraja la pili, na moja ya Ufaransa iliyorekodiwa na mtu ambaye mkono unamtetemeka. Macho yananiuma. Nimehesabu mashuti, pasi za magoli, waliotolewa nje kwa dakika mbili. Kile kisahani cheusi wanachokipiga bado kinanipotea. Mwaka wa pili kwenye kazi hii na bado kinanipotea.

Tanga hakuna anayeelewa ninachofanya Doha. Mama anawaambia watu niko kwenye mambo ya mpira. Namwacha. Nikianza kumweleza kwamba kuna watu wazima wanaogombana juu ya barafu, na mwanawe amekaa hapa Lusail anakadiria kama ligi ya pili ya Finland ni ngumu kuliko ligi kuu ya Poland, atadhani joto limenipanda kichwani.

Hesabu yenyewe ni ya dada Achieng. Mkenya wa Kisumu, kasomea takwimu, na ndiye aliyenitoa getini. Nilikuwa mlinzi wa jengo hili hili. Siku hiyo nimekaa na daftari napanga msimamo wa ligi ya nyumbani, akapita, akasimama, akauliza kwa nini nimegawa magoli kwa mechi. Nikamwambia nilikuwa mwalimu wa hisabati. Baada ya miezi miwili nikawa na kiti ghorofa ya tisa.

Ligi kubwa ile ya Amerika haituhusu, uzito wake kila mtu anaujua. Sisi ni wa hizi za chini, ambazo hakuna anayejua ipi ni ipi. Unamtafuta mtu aliyecheza kwingi. Kule alipata pointi moja kila mechi, huku anapata nusu. Basi ligi ya kule ina nusu ya uzito wa hii ya huku. Ukipata watu wengi wa namna hiyo, una jedwali. Wasipotosha, unaanzia kwenye daraja: ligi hii ni ya ngapi nchini kwao? Safu hiyo ya madaraja naijaza mimi. Dada Achieng haigusi. Akaunti tunatumia moja, yenye jina lake, maana kampuni haikutaka kulipia ya pili.

Leo nimemwambia, "Naomba unipishe kidogo, dada." Akacheka mpaka akashika meza. Anasema Watanzania tunaomba ruhusa hata ya kupiga chafya.

Jumatatu, 3 Novemba

Barua ya mteja. Kali.

Ni tajiri mmoja wa Ulaya ya mashariki. Kanunua timu, hoki haijui, anaamini namba. Mwezi wa nane jedwali letu lilimwambia kuna mshambuliaji Sweden anayemfaa. Kocha wake akamkatalia. Tajiri akamsajili hivyo hivyo. Sasa mechi kumi na tano, hana goli hata moja. Kocha anamcheka bosi wake mbele ya watu, na bosi hajazoea kuchekwa. Anataka jina la aliyekosea. Kwa maandishi, kabla wiki haijaisha. La sivyo anaondoka, na wenzake aliotuletea wanaondoka naye.

Mudir wetu, yaani meneja, Nabil, ameisoma kwa sauti, wote tumesimama. Hakumtazama mtu.

Mchana nimetazama vipande vya mechi tano za huyo mchezaji. Namba 19, miaka thelathini na moja. Si mvivu. Anakimbia kweli. Anafika tu nusu sekunde baada ya kisahani kuondoka, kila mara, na kila mara anageuka upya kukifuata. Nimemwonea huruma, kisha nikamchukia kwa kunitia kwenye balaa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeipata. Ni mimi.

Ligi aliyotoka Namba 19, ukilitafsiri jina lake kwa Kiswahili, utasema "Ya Kwanza". Mwezi wa saba nilipofika kwenye mstari ule sikujiuliza hata kidogo. Mimi nimekua na Ligi Kuu juu, chini yake Daraja la Kwanza. Ya kwanza ndiyo ya pili, Tanga nzima inajua. Nikaandika 2. Nakumbuka nilijiona mjanja, kwamba mtu asiyejua mpira angeona hilo jina akaandika 1.

Kule Sweden juu yake ziko mbili. Ni ya tatu. Wachezaji wote wa ligi ile wamepandishwa daraja na kidole changu, na huyu mmoja akapandishwa ndege kabisa.

Nimekwenda chooni nikakaa huko bila haja yoyote. Nimenawa uso. Nimerudi nikahesabu mashuti ya Wadenmark mpaka saa kumi na moja.

Sijasema. Kesho asubuhi nasema.

Jumatano, 5 Novemba

Sikusema.

Kompyuta inaonyesha nani alijaza nini. Mstari ule umejazwa na Achieng, mwezi wa saba. Bila shaka. Akaunti ni yake. Nabil kamwita dada Achieng saa tatu. Nilimwona kupitia kioo akiongea kwa mikono, kisha akaiweka mikono mapajani. Alitoka baada ya nusu saa.

Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Mume wake, Otieno, na binti yao Stella wa miaka kumi wanaishi hapa kwa iqama ya Achieng, kibali chake cha ukaazi. Wana nyumba Al Rayyan. Stella anasoma huku. Achieng akitoka, wanatoka watatu. Nalijua hilo. Nililijua saa tatu na nililijua saa nne.

Saa sita kasoro alivuta kiti mpaka kwangu. Akaongea polepole.

"Musa, uko na kitu unataka kuniambia?"

"Hapana, dada."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akarudisha kiti chake.

Alhamisi, 6 Novemba

Dada Achieng ametia saini karatasi za kuachishwa kazi. Barua ya kwenda kwa mteja imeondoka ikiwa na jina lake. Anamaliza wiki ijayo Jumanne.

Nilikuwa mita nne kutoka kwenye mlango wa Nabil. Siku nzima nimejiambia nimalizie mechi hii kwanza. Nikamaliza. Nikafungua nyingine.

Sababu ninayo, si nzuri. Nimesimama getini Lusail miaka miwili, mwezi wa saba, mwezi wa nane, shati la sare limeganda chumvi mgongoni, watu wanapita hawakuoni. Kila aliyekuja huku amepimwa upya. Mwalimu wa Tanga alipewa uzito wa mlinzi. Kuna mtu mmoja tu aliyekataa hesabu hiyo akaniandikia nyingine, na mtu huyo leo ametia saini, na mimi nimeinamia kompyuta.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika. Limekaa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeswali. Hotuba sikuisikia.

Nimelala mchana kutwa chumbani, mtaani kwetu Bin Mahmoud. Mwenzangu wa chumba amepika pilau akaniamsha. Nikala kidogo. Anadhani naumwa.

Jumapili, 9 Novemba

Nimesema.

Nabil alikuwa hajavua koti. Nimemweleza mstari, safu, mwezi, na kwa nini niliandika mbili. Hata Daraja la Kwanza la nyumbani nimemweleza, kichwa changu kibovu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema hapana.

Akasema barua imeshaondoka. Mteja kamjibu vizuri, ameridhika. Hawezi kumwandikia tena kwamba hata jina tulikosea. Khalas, yamekwisha.

Nikamwambia basi aniondoe mimi pia. Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. Akauliza, mkiondoka wote wawili, nani atajaza jedwali? Kisha, nikiwa nimeshika kitasa, akasema ningekuja Jumatano angeandika jina langu bila taabu yoyote. Alilisema kwa upole. Nadhani aliona ananifariji.

Nikaenda kwa dada Achieng. Alikuwa anafuta picha za Stella kwenye kompyuta ya ofisi. Nimesimama mbele yake, nikasema ile mbili niliandika mimi.

"Najua," akasema.

Nikauliza tangu lini.

"Tangu Jumatatu, Nabil akimaliza tu kusoma nikafungua hiyo safu. Musa, kwetu iko Ligi Kuu, iko Super League, halafu ndio Division One. Ni ya tatu. Mimi ningeandika tatu hata nikiwa usingizini. Hiyo mbili ni ya Mtanzania."

Nikauliza mbona hakumwambia mudir.

"Nilimwambia si mimi. Akauliza ni nani. Nikamwambia, muulize Musa. Akasema account haisemi Musa. Sasa nikakuja kukuuliza mwenyewe." Alikuwa bado anabonyeza, picha moja baada ya nyingine. "Na ukanijibu na adabu yote. Hapana, dada."

Nikaomba msamaha. Nimeomba vibaya, nimerudia rudia. Akasema sawa. Akaniomba nimpishe, anataka kupita na boksi.

Jumatano, 12 Novemba

Kiti chake nimepewa mimi. Kiko karibu na dirisha. Sikukitaka, nimekikalia.

Nimeirekebisha ile safu. Mbili ikawa tatu. Ukibonyeza, jedwali linajipanga lenyewe, majina ya Sweden yanashuka kwa pamoja mpaka hayaonekani kwenye ukurasa. Kazi ya sekunde moja. Namba 19 amevunjiwa mkataba, nimesoma leo. Haijaandikwa amekwenda wapi.

Nimepitia nchi zote kumi na nane, jina kwa jina. Ujerumani wana ligi inayoitwa "ya Juu" na ni ya tatu. Wacheki wanaita ya kwanza ile ya pili, kama sisi zamani. Ile niliipatia. Nimekaa naiangalia hiyo niliyoipatia muda mrefu mno.

Jumapili, 16 Novemba

Mechi nne. Sina la kuandika.

Nimempigia dada Achieng, hakupokea. Nimemwandikia kwamba naweza kuja kusaidia kubeba vitu. Amejibu saa tisa mchana: Ijumaa, njoo mapema. Hakuna neno lingine.

Nilijaribu ofisi mbili kumuulizia kazi. Zote zinataka barua ya mwajiri wa mwisho, na barua hiyo najua imeandikwa nini.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimetoka Al Rayyan sasa hivi. Nimekwenda saa moja asubuhi. Nyumba imebaki sauti tu, kila ukisema neno linakurudia. Mazulia yamekunjwa. Stella ameandika juu ya kila boksi kilichomo, kwa kalamu ya kijani, na juu ya moja ameandika VITU VYA SHULE kisha akaikata SHULE.

Sikuwa nimeonana na Otieno zaidi ya mara mbili. Mtu mrefu, mpole, anayepeana mkono kwa mikono miwili. Tumefungua vitanda pamoja. Nilikuwa nasubiri neno. Kila aliponiita nilijiandaa. "Musa, nishikie hapa." "Musa, iko bisibisi ingine?" Nilidhani anatafuta pa kuanzia.

Saa nne akasema tupumzike. Achieng akaleta chai na mandazi, tukakaa chini, maana viti vimeshauzwa. Otieno akasema anaomba kwanza. Wakainamisha vichwa. Nami nikainamisha.

Aliombea safari. Akamwombea Stella apate nafasi ya shule Kisumu. Akamwombea mtu aliyemkosea mke wake kule ofisini, yeyote yule, Mungu amsamehe kwa sababu hata yeye labda alikuwa na shida zake. Kisha akasema, "Na asante Baba kwa huyu ndugu yetu Musa. Ofisi mzima imetusahau, lakini yeye umemtuma. Mbariki, na kazi ya mikono yake."

Otieno hajui. Hajaambiwa. Ndani ya nyumba hii Achieng hakulitaja jina langu kwa ubaya hata mara moja.

Niliinua macho. Ya Achieng yalikuwa wazi, ameyaelekeza kwenye birika. Nilingoja aniangalie. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo niliufungua. Stella alikuwa ameniegemea begani, uzito mdogo tu, na nikaufunga.

Achieng ndiye aliyesema amina wa kwanza. Nami nikasema amina.

Tukanywa chai. Halafu mimi na Otieno tukashusha friji.