Nani Anakunja Waya Kibondo

Jumatatu, 1 Julai

Gari limerudi. Waya kama utumbo wa mbuzi uliomwagwa, kama kawaida yake Festo. Nimeuvuta wote nje, kutoka mlangoni hadi kwenye shina la mparachichi. Nimefuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikapitisha vidole taratibu kutafuta palipochubuka. Hapakuwa na kitu. Nikaukausha, nikaukunja, nikaufunga. Mgongo unauma. Mume wangu Festo ameoga, amekula, amelala. Dereva amechoka, eti. Na mimi ni nani, mtalii?

Wageni walikuwa mzee mstaafu wa Mwanza na mkewe. Wamefurahi, wanasema friji iligandisha mpaka siku ya mwisho. Hawajui kwamba friji, taa na jiko dogo vyote vinaishi kwa waya mmoja wa buluu uliochomekwa kwenye ukuta wa mtu. Ndivyo lilivyo gari letu la kukodisha: lori dogo lililojengewa chumba nyuma, na kitanda, meza na kabati. Kasulu nzima wanaliita gari lenye kitanda.

Ijumaa, 5 Julai

Kesho Kibondo tena, na watafiti wa nyuki. Festo anasema ataegesha palepale, uani kwa watu fulani wa huko Kumsenga. Umeme wao haukatiki ovyo.

Nimeuweka waya mahali pake. Duara kubwa, moja huku, la pili kinyume, ili usijisokote. Nilijifunza kwenye kwaya kabla sijaolewa, kwa nyaya za spika. Ukiuzungushia kiwiko unakatika ndani kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Nimemweleza Festo hadi nimechoka. Hucheka. "Waya ni waya, Mama Neema." Mtu huyu hajawahi kukunja kitu. Shuka, mkeka, hata mkanda wa suruali hulala sakafuni pale alipouvulia. Nimemzoea. Nampenda hivyohivyo, nisiwe mwongo.

Jumanne, 9 Julai

Leo mvua itanyesha katikati ya kiangazi. Nimefungua kisanduku cha nyuma ya gari, waya umekunjwa! Na umefungwa. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Nikampikia migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Mezani nikamshukuru kwa kazi ya waya. Akaniangalia. "Waya gani?" Kisha upesi: "Aa, ule. Nilipata nafasi."

Akala samaki wote bila kuinua uso.

Jumatano, 10 Julai

Nimeutoa tena mchana. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Umezungushiwa kiwiko. Nimejaribu kuuvisha kwenye mkono wangu, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, vitanzi havienei. Mkono uliofanya kazi hii ni mfupi kuliko wangu. Wa Festo ni mrefu, kila shati linamwishia kabla ya kifundo. Na kilichofungia ni kamba ya mgomba, iliyosokotwa, kwa fundo lile la mzigo wa kuni. Fundo hilo tunalifunga sisi wanawake wa huku tangu tukiwa wasichana. Sijawahi kumwona mwanaume akilifunga.

Sikula jioni. Nilisema kichwa kinauma.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani nimefungua kinywa, sauti haikutoka. Mwenzangu wa kwaya akanikanyaga mguu akidhani nimesinzia.

Baada ya misa nikapita dukani kwa Mama Sefu, jirani yangu, mtu wa Ujiji mwenye ulimi wake. Nilimsimulia habari ya waya nikitegemea anicheke. Hakucheka. Aliacha kupima sukari. "Shoga, mwanaume asiyekunja shuka lake, atakunja waya wa nani?" Kisha akashusha sauti. "La kuvunda halina ubani. Ila usimkurupushe. Hakikisha kwanza."

Nimemchukia kidogo. Nilitaka aniambie nina wazimu.

Nimekumbuka safari ya kwanza ya gari hili. Tulimpeleka Neema shule ya bweni Buhigwe, halafu hatukurudi. Tulibaki wawili tu. Baridi ile! Asubuhi tukachemsha chai mlango ukiwa wazi, ukungu umejaa bondeni, Festo amejifunga blanketi langu. Akasema tutazeekea humu ndani. Nilimwamini kabisa.

Jumatano, 17 Julai

Ameondoka, Kibondo tena. Kabla hajawasha gari nilimwambia kuhusu waya asijisumbue, aurudishe shaghalabaghala kama zamani, nitaukunja mwenyewe. Akasema sawa.

Ukirudi utumbo wa mbuzi nitamchinjia jogoo na kumwomba Mungu msamaha kwa kumdhania.

Mungu wangu, urudi utumbo wa mbuzi.

Jumatatu, 22 Julai

Umekunjwa.

Safari hii umefutwa na vumbi pia. Kamba mpya ya mgomba. Au aliona nilivyofurahi siku ya migebuka akadhani nitafurahi tena, au amesahau nilichomwambia. Nadhani hakuangalia tu. Mimi naukunja huku, mwingine anaukunja kule, na yeye anadhani waya hujikunja wenyewe.

Karibu na plagi unapinda kwa ulaini usio wa kawaida. Umeanza kukatika ndani.

Nimelia bafuni, maji nimefungulia.

Alhamisi, 25 Julai

Gari lipo gereji na Festo yuko nalo. Nilimwambia nakwenda Buhigwe kumwona Neema. Nikapanda basi la Kibondo.

Kumsenga sikuhangaika. Ukiuliza gari lenye kitanda hulala wapi, kila mtu ananyoosha kidole. Nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, ua umefagiliwa. Soketi iko ukutani nje, na juu yake mtu amepigilia kipande cha bati kuizuia mvua. Kazi ya mtu anayejali.

Akatoka mwanamke mfupi. Mikono mifupi. Tumbo limeshatangulia, miezi sita au saba. Nilijitayarisha njia nzima, matusi niliyapanga kama kuni. Nikasema tu, natoka Kasulu, nimekuja kwa habari ya Festo.

Akapiga makofi, akapiga na goti. "Yoo! Wewe ni dada yake! Karibu, wifi!"

Wifi.

Akaniletea kiti, akakipangusa kwa kitenge chake. Anaitwa Esperansi. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye amezaliwa hapahapa. Anasema Festo alimwambia mkewe alifariki, na kwamba dada yake ndiye anayemtunzia gari Kasulu. "Ego, ndiyo, wifi, alisema kila safari wewe unasafisha waya peke yako. Nikasema huyu dada atachoka. Nikasema ngoja nimkunjie, akifungua ajue huku kuna mtu anamfikiria."

Nilikaa na kikombe cha chai mkononi. Kwa hiyo Festo alikuwa anajua. Aliona mgongo wangu ukiinama juu ya waya ule miaka yote, akapata la kusimulia kwa mwanamke mwingine.

Neno la kwanza lililonitoka hata mimi lilinishangaza. Nikamwambia asizungushie kiwiko. Unakatika ndani, unapata moto, na yeye ndiye anayeuchomeka, na hali yake ile. Akaitikia kwa adabu, kama anayefundishwa na mkubwa wake.

Ndipo nikamwambia mimi si wifi yake.

Hakupiga kelele. Alitazama pete yangu. Akakaa chini, kwenye vumbi, pale alipokuwa amesimama. Nikaogopa kwa ajili ya tumbo, nikamshika mkono kumwinua. Akaniambia, "Nisamehe, mama." Dakika moja nimekuwa wifi, dakika ya pili nimekuwa mama. Mke wa Festo hakuna mahali nilipoitwa.

Sikuweza kumchukia. Nimejaribu njia nzima ya kurudi.

Ijumaa, 26 Julai

Nimemwambia Festo yote asubuhi, kwa sauti ya kawaida, nikichambua maharage. Hakukana. Aliomba maji ya kunywa. Akasema ilianza kama mchezo, kisha ikamshinda. Akasema alitaka kuniambia. Akasema hakuna atakayepungukiwa.

Hakuna atakayepungukiwa! Mimi nimepungukiwa mume na nimeongezewa kaka.

Nikamuuliza nilikufa kwa ugonjwa gani. Akaomba maji tena. Hilo ndilo nililotaka kulijua kuliko yote.

Jumapili, 28 Julai

Analala garini, hapa uani. Waya umepita dirishani kwangu, umechomekwa sebuleni. Taa yake inawaka kwa umeme wangu. Mama Sefu anasema niuchomoe. Sijauchomoa. Ana baridi, na mimi ni mjinga.

Misa sikwenda.

Jumanne, 30 Julai

Amepiga magoti mlangoni leo, mtu mzima. Analia. Nami nikalia. Nilikaribia kusema ingia ndani. Kisha akasema, "Nitampelekea tu matumizi, sitalala kule." Nikaona tayari ameanza kumsimulia mwingine habari zangu, na mimi habari za mwingine. Atakuwa na mke aliyekufa kila mahali.

Nimemwambia aende. Kule kuna mtoto anakuja, na mtoto hakukosa. Kanisani tutakwenda kusema, siku yake ikifika. Gari alichukue. Mimi siwezi tena kulala mle.

Moyo unauma hasa, kama jeraha. Nilidhani watu husema tu.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimekata kipande kibovu cha waya na kufunga plagi upya. Sikumfanyia yeye.

Neema amepiga kwa simu ya mwalimu wa bweni. Alitaka sabuni na kalamu. Sikumwambia. Wiki ijayo nitakwenda mwenyewe, nimwambie ana kwa ana.

Jumamosi, 3 Agosti

Amepakia nguo zake asubuhi. Hazikuwa nyingi. Tulisaidiana kubeba sanduku la vifaa, bila maneno.

Nikachomoa plagi sebuleni, nikautoa waya nje kwa dirisha. Akaupokea, akaushika kwa mikono miwili, hajui aanzie wapi. Akauzungusha, ukajisokota. Akauzungusha tena. Mwisho akaubeba wote kifuani, akalizunguka gari mara moja, akarudi upande niliokuwa nimesimama.

"Mama Neema," akasema. "Waya unakaaga wapi?"

Nikamwonyesha. Akasema asante, kwa heshima, kama wageni wanavyosema. Gari likatoka, nami nikaingia ndani nikafunga dirisha.