Mwezi wa Kuidanganya Mita

Jumatatu, 3 Machi
Wamekuja. Nyumba kumi na mbili za mtaa huu zitafungiwa mita za majaribio, mwezi mzima, bure. Bure! Tangu lini idara ya maji ikatoa cha bure? Sasa hivi kila nyumba inalipa sawa, mwenye ndoo moja na mwenye pipa. Mimi dobi. Mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wauguzi, mapazia. Wakianza kutoza kwa ndoo, nimekwisha. Msoma mita, bwana mwenye kalamu mbili mfukoni, kasema wanataka tu kujua matumizi yetu. Hilo "tu" ndilo lililonitia shaka. Nimesaini hata hivyo, sote tumesaini.

Jumatano, 5 Machi
Imefungwa kando ya bomba la uani. Kidude cha bluu, kioo juu, ndani kimshale chekundu. Nikinawa kinazunguka. Nikifunga bomba kinasimama. Nimekifunika kwa beseni. Mume wangu kacheka, eti beseni halizuii mita kuhesabu. Najua! Sipendi kutazamwa, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewagundua. Wanapima wajue watukamue kiasi gani. Tukionekana tunatumia maji mengi, watasema hapa pana pesa. Basi tuonekane mafukara wa maji. Kisima cha zamani nyuma ya ghala bado kina maji — ya chumvichumvi, lakini maji. Nimepita nyumba zote za mita: mwezi huu bomba ni la kunywa na kupikia, mengine yote kisimani. Fundi cherehani aliafiki kabla sijamaliza. Mama Pacha kaniita mwanasheria.
Aliyekataa ni mmoja. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tumetenganishwa na ukuta tu. Ana watoto sita, na mama mkwe wangu aliyepooza yuko kwake. Kasema ataishi kama anavyoishi siku zote. Jibu gani hilo?

Alhamisi, 13 Machi
Mgongo jamani. Safari kumi na moja kisimani, kwa mashuka tu. Sabuni haitoi povu kwenye maji yale. Kwa wifi bomba linamwaga tangu asubuhi. Na msoma mita kapewa kiti kwake, kakaa karibu nusu saa. Kwangu hasimami dakika mbili. Wanaongea nini? Nimemwambia mume wangu, dada yako kanunuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo zenyewe nazifua mimi.

Jumanne, 25 Machi
Siku ya tano sijasalimiana na wifi. Mashuka ya mama mkwe nayapokea juu ya ukuta machafu, nayarudisha safi, bila neno. Fundi cherehani kauliza kama bado sana. Nimemwambia mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, 3 Aprili
Mkutano, darasani. Watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Msoma mita kaeleza mpango. Kila nyumba itapata maji ya bei nafuu hadi kiwango fulani, ukizidisha, kila ndoo bei mara tatu. Na kiwango chenyewe wamekipata kwenye majaribio yetu.
Ndoo nne kwa siku.
Nne! Mimi naloweka kwa kumi na tano. Akatusifu, eti hakuna mtaa unaojua kubana maji kama wetu. Watu wakageuka kunitazama, mmoja baada ya mwingine. Mama Pacha wa kwanza.
Wifi akasimama, akauliza namba za nyumba yake ziko wapi. Msoma mita kasema wameziondoa. Zilipishana mno na za wengine, bila shaka mita yake ilikuwa mbovu.
"Mita yangu nzima," wifi kasema. "Labda ndiyo peke yake iliyosema kweli."
Hakunitaja. Hata kunitazama hakunitazama. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 4 Aprili
Mpango unasainiwa leo saa nane mchana. Wifi kaingia asubuhi bila hodi. Kumbe siku ile ya kiti alikuwa akimwomba msoma mita nyumba yenye mgonjwa iongezewe maji. Shuka la mama linabadilishwa mara tatu kwa siku. Kwa ndoo nne, atalala kwenye uchafu wake. Anataka twende idarani niseme tulivyofanya.
Baada yake fundi cherehani. Kanikumbusha karatasi tuliyosaini: atakayevuruga majaribio atakatiwa maji. Ukisema, kasema, umetusemea wote. Yuko langoni sasa na Mama Pacha, wameegemea nguzo kana kwamba wanapunga upepo. Nani kawaita?
Wifi kakaa mlangoni, mkoba magotini. Kiti nimempa mimi.
Saa saba kasoro. Naogopa. Nikinyamaza nimekwisha, nikisema nimekwisha mapema zaidi. Na mama mkwe ndiye aliyenifundisha kufua.
Wifi kauliza namwandikia nani. Nimesema najiandikia mwenyewe.
"Basi andika kweli," kasema. "Halafu vaa viatu."
Kimoja nimevaa. Fundi cherehani ananiangalia miguuni. Cha pili —